Kinachosafisha mzizi wa jino ni dawa, faili inafungua njia tu

DoktaMagego (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Juzi nilikuwa na mama mmoja kwenye kiti, gego la chini kushoto, usiku tatu hajalala. Nikampiga ganzi, nikafungua jino, nikaanza kuosha. Akainua mkono. Nikasimama. Akauliza, "Dokta, hii si jiki? Unanimwagia jiki mdomoni?" Harufu alikuwa ameshaisikia. Na kwenye pindo la khanga yake, pale ambapo hatukumfunika vizuri, kulikuwa na doa jeupe la ukubwa wa punje ya mahindi.

Nilimjibu kwa kifupi kazi ikaendelea, lakini swali lake lilikuwa la haki na halijanitoka. Watu wanakaa kwenye viti vyetu saa nzima, wanasikia kitu kinakwaruza, wanalipa, wanaondoka bila kujua ni nini hasa kilichowatibu. Na sisi tunaotibu, wengi wetu tunaipa faili, kile kichuma chembamba cha kukwangulia ndani ya mzizi, sifa zote. Huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye kazi hii. Yapo niliyofanya vizuri na lipo moja nililoliharibu, yote nitayasema humu.

Tuanzie ndani ya jino. Kile ambacho watu wanakiita mshipa ni kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, imekaa katikati ya jino na kushuka kwenye mizizi. Jino likitoboka hadi pale, vijidudu vinaingia, kiini kinavimba, kinakufa, kinaoza. Sasa kumbukeni kwamba jino ni chumba kilichofungwa. Damu inaingilia kwenye ncha ya mzizi, katundu kembamba mno. Kiini kikishakufa, damu haiingii tena, kwa hiyo hata dawa uliyomeza haifiki ndani. Ndiyo maana mtu anakunywa amoksilini, uvimbe unashuka, anashukuru Mungu, na baada ya mwezi uvimbe uko pale pale. Dawa ilifika kwenye fizi na taya. Kule vijidudu vilikojificha haikufika.

Kwamba adui ni vijidudu, hilo lilithibitishwa mwaka 1965 kule Marekani. Watafiti Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini wakaacha matundu wazi. Panya wa kawaida viini vikafa, majipu yakaja. Panya waliokuzwa bila kijidudu hata kimoja, chakula kilijaa kwenye tundu lakini kiini kikaendelea kuishi na kikajijengea ukuta mpya. Tundu lile lile, chakula kile kile, tofauti vijidudu tu.

Basi kazi yetu ni kuvitoa. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Mzizi hauna umbo la mrija wa soda. Gego la kwanza la chini lina mizizi miwili kwa kawaida, lakini mifereji, yaani njia za ndani ya mizizi, ni mitatu, mara nyingi minne. Ile miwili ya mzizi wa mbele huungana katikati kwa upenyo mwembamba kama ufa kwenye ukuta wa udongo. Kuna vichochoro vya pembeni. Karibu na ncha mfereji unaweza kugawanyika kama delta ya mto. Faili ni chuma cha duara. Ukizungusha duara ndani ya ufa, unachimba katikati na kuacha kona zote.

Mwaka 2001 kule Zurich, Peters na wenzake walipiga magego ya juu picha za CT zenye kuona vitu vidogo sana, kabla na baada ya kufailiwa kwa mbinu nne tofauti. Mbinu zote nne ziliacha asilimia 35 au zaidi ya ukuta wa ndani bila kuguswa. Zaidi ya theluthi, mikononi mwa wataalamu, kwenye maabara, bila mate wala ulimi wa mgonjwa.

Pale faili isipofika, kinachoweza kufika ni maji. Siyo maji ya bomba, ni haipokloraiti ya sodiamu, ile ambayo yule mama aliisikia harufu. Inafanya mambo mawili kwa pamoja: inaua vijidudu na inayeyusha nyama iliyokufa. Wanafunzi huwa nawaonyesha. Nachukua kipande cha kiini nilichokitoa, nakitia kwenye kikombe cha kioo chenye dawa. Kinaanza kutoa vipovu pembeni, kinalegea, kinabaki uzi, halafu hakipo. Mwanafunzi akiliona hilo mara moja huhitaji kumhubiria.

Dawa hii tumeirithi vitani. Mwaka 1915 mkemia Henry Dakin na daktari mpasuaji Alexis Carrel walikuwa Compiègne, Ufaransa, wakihangaika na vidonda vya askari vilivyooza. Dakin akaandaa haipokloraiti ya asilimia 0.5 iwe inapitishwa kwenye vidonda. Haikuchukua miaka mingi madaktari wa meno wakaichukua. Tangu hapo zimekuja dawa nyingi na zimepita nyingi, hii bado ndiyo tegemeo.

Karibuni tuzungumze. Wagonjwa ulizeni, wenzangu nisahihisheni.

MamaPacha_TZ

Shikamoo dokta. Umenifungua macho kweli. Mimi nilifanyiwa mwaka jana, nikasikia harufu hiyo hiyo, nikanyamaza nikidhani wameosha sakafu. Swali langu: kwa hiyo ni jiki kabisa? Maana nina jino jingine lina tundu na linaniuma sasa hivi. Nikilowesha pamba kwa jiki nikaiweka humo siku mbili tatu mpaka nipate nauli, si itasaidia?

DoktaMagego

Marahaba mama. USIFANYE HIVYO, tafadhali.

Kemikali ni ya ukoo mmoja, hilo sitakuficha. Lakini jiki ya dukani imetengenezwa kwa nguo na sakafu. Nyingine zina manukato, nyingine sabuni, na ukali wake unategemea chupa na imekaa rafu muda gani. Ile ambayo vituo vya afya vinatumia kufutia meza huwa ya asilimia 3.5, wanachukua kipimo kimoja wanaongeza maji vipimo sita ipatikane 0.5. Hiyo ni ya kufutia meza na vifaa. Kwenye mzizi wa mtu inatakiwa dawa inayojulikana ukali wake.

Na pamba haitafika kwenye mfereji. Itakaa juu, itavuja kwenye fizi na ulimi, utaungua. Nimeshapokea mtu mwenye fizi nyeupe kama imemwagiwa maji ya moto kwa sababu ya pamba kama hiyo. Sisi tukiitumia tunalitenga jino na mdomo wote kwa shuka ya raba, linabaki limechomoza peke yake, na msaidizi ananyonya kila tone linalotoka.

Kwa sasa sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, meza paracetamol kama huna katazo lolote, usitafunie upande huo. Ukiona uvimbe unashuka shingoni, mdomo haufunguki au kumeza kunakuwa shida, usisubiri nauli. Azima, nenda hospitali usiku huo huo.

TabibuWilayani

Dokta heshima yako. Mimi ni tabibu wa meno kwenye hospitali ya wilaya, tuko wawili na kiti kimoja. Kung'oa ndiyo kazi yetu kubwa, ila mizizi ya meno ya mbele tunajitahidi kuitibu. Naomba nikuulize bila aibu. Moja, nitumie asilimia ngapi? Mwenzangu anasema 5 ndiyo yenye kazi, mimi naogopa. Mbili, shuka ya raba hatuna, tunatumia pamba pembeni na haraka. Tatu, naosha kwa maji ya dripu mwishoni, yanatosha?

DoktaMagego

Ndugu yangu, hakuna aibu hapo. Maswali haya yangeulizwa na wengi tungekuwa mbali.

Asilimia. Watu wanatumia kuanzia 0.5 hadi 5.25, wapo wanaofika 6. Kali inayeyusha nyama haraka zaidi, hilo ni kweli. Lakini klorini, ambayo ndiyo nguvu ya dawa hii, inaisha kadiri inavyofanya kazi. Dawa iliyokaa ndani ya mfereji dakika chache ikikutana na uozo imeshachoka, ni maji tu. Kwa hiyo ukitumia ya asilimia 1 ukaibadilisha mara nyingi, ukaipa muda, unapata kazi nzuri. Jaribio lililolinganisha asilimia 1 na asilimia 5 kwenye magego yenye ugonjwa kwenye ncha ya mzizi halikukuta tofauti ya kueleweka katika kupona kwa mfupa. Mimi niko kati ya 2 na 3. Wewe anza na 1 na uwe mkarimu, bomba la sindano la mililita 3 lijazwe mara nyingi. Kosa ninaloliona sana kwa wenzetu ni uchoyo: matone mawili, faili, matone mawili, faili, funga.

Shuka ya raba. Hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Bila raba usitumie haipokloraiti. Na kusema kweli, bila raba usitibu mzizi. Mate yenyewe yamejaa vijidudu. Unatoa kwa mkono mmoja, yanaingia kwa mlango ule ule. Shuka ya raba aliibuni daktari mmoja wa New York, Sanford Barnum, mwaka 1864. Wakati huo hata ganzi ya sindano ilikuwa haijapatikana! Ni kipande cha mpira, kitoboleo, vibanio vichache na fremu. Vibanio unavitakasa na kutumia miaka. Andika barua kwa mganga mkuu wako, eleza kwamba ni suala la usalama, maana mgonjwa anaweza kumeza faili. Nimeona barua ya namna hiyo ikijibiwa ndani ya wiki mbili.

Maji ya dripu yanasukuma takataka nje, hayaui na hayayeyushi. Yatumie katikati, ukihama kutoka dawa moja kwenda nyingine. Usiyategemee yafanye kazi ya dawa.

Mkaazi_wa_Pwani

Salaam aleikum wanajamvi. Nawasoma kutoka Mombasa, mimi pia niko kwenye fani hii. Daktari umesema vyema, ila niongeze jambo moja ambalo lilinishtua mwanzoni mwa kazi.

Nilikuwa nimeosha kwa haipokloraiti, kisha nikataka kumalizia na klorheksidini ya asilimia 2, dawa nyingine ya kuua vijidudu, kwa kuwa ile hushikamana na ukuta wa jino ikaendelea kuua kwa siku kadhaa. Sikusuuza katikati. Nilipoitia tu, tope la rangi ya kutu likaibuka kwenye jino, hudhurungi hivi, zito. Nikadhani nimetoboa mzizi, damu ya zamani inatoka. Kumbe ni zile dawa mbili zimekutana. Tope lile huziba vile vitundu vidogo vya ukutani na huacha jino na rangi mbaya. Ilinichukua muda mrefu kulitoa.

Tangu siku hiyo, baina ya mbili hizo lazima nisuuze kwa maji ya chumvi na kukausha kwa vijiti vya karatasi, kijiti kikitoka kikavu ndipo naendelea. Na klorheksidini haiyeyushi nyama hata kidogo. Wanaoitumia peke yake tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu haina harufu na haiunguzi, wanabakisha uozo wote ndani.

DoktaMagego

Waaleikum salaam. Ahsante sana kwa hilo, na ahsante kwa kulisema kama lilivyokutokea.

Niendelee hapo hapo na EDTA, dawa nyingine ya kuoshea, maana TabibuWilayani hakuitaja na najua hospitali nyingi za wilaya haipo. Faili inapokwaruza ukuta inatoa unga, unga unachanganyika na majimaji, unakandikwa ukutani kama lipu ya saruji. Lipu hiyo ina vijidudu ndani yake na inaziba vitundu ambavyo dawa ingepitia. Haipokloraiti inamaliza sehemu ya nyama tu, sehemu ya madini inabaki. EDTA ya asilimia 17 ndiyo inayoshika kalsiamu na kuilegeza lipu hiyo. Nygaard-Østby wa Norwei ndiye aliyeiingiza kwenye kazi hii mwaka 1957. Unaiweka mwishoni, baada ya faili zote, dakika moja. Usiiache robo saa, itaanza kula ukuta wenyewe. Na usiichanganye na haipokloraiti kwenye bomba moja, inaiua klorini papo hapo na unabaki unaosha kwa kitu kisicho na nguvu. Itoe kwanza, ndipo haipokloraiti irudi kwa mara ya mwisho, sasa ikute vitundu viko wazi.

Msafiri_Moro

Wakuu mimi si daktari. Nilitibiwa mzizi wa gego la juu miaka mitatu iliyopita, nikavalishwa na kofia juu. Mwezi uliopita fizi imetoa kipele kinachotoka usaha, kikipasuka nafuu, kikijaa nasikia jino linapwita. Je niling'oe tu nipumzike? Na kama dawa ni nzuri hivyo, mbona kwangu imeshindwa?

DoktaMagego

Pole sana mkuu. Usikimbilie kung'oa kabla ya picha.

Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini mzizi wa mbele upande wa shavuni mara nyingi una mfereji wa pili, mwembamba, umejificha chini ya kibaraza cha ukuta wa jino. Ukikosekana, haukufailiwa wala haukuoshwa, na vijidudu vimekaa humo miaka mitatu vikila polepole. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ninayoitafuta. Ya pili ni kofia au ujazo kuvuja, mate yakarudi. Ya tatu ni kwamba mifereji yote ilipatikana ila haikuoshwa ipasavyo. Kwenye meno yaliyoshindwa hukutwa sana kijidudu kiitwacho Enterococcus faecalis. Hicho kinaweza kukaa na njaa muda mrefu ndani ya vitundu vya jino na kinastahimili ile dawa ya kalsiamu tunayoiacha ndani kati ya siku moja na nyingine.

Jino lako linaweza kufunguliwa upya, ujazo ukatolewa, mfereji uliokosekana ukatafutwa, na safari hii likaoshwa kwa muda wa kutosha. Uliza kabisa kabla hujalala kwenye kiti: mtanifungia raba? Mtaosha kwa dawa gani? Daktari anayejua kazi yake hatachukia kuulizwa.

NduguMsomaji

Dokta mimi nina hofu. Hiyo dawa kama inayeyusha nyama, ikipita ncha ya mzizi ikaenda kwenye taya itakuwaje? Umesema kuna moja uliharibu.

DoktaMagego

Nimesema na nitaeleza. Nimewaza kama niliandike, naona ni lazima.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini. Mgonjwa mwanamke, jino la nyuma ya chonge, juu kulia. Kiini kimekufa, picha inaonyesha doa jeusi kwenye ncha. Asubuhi hiyo nilikuwa na foleni. Sindano zenye tundu la pembeni zilikuwa zimeisha, nikachukua ya kawaida, tundu mbele. Niliisukuma hadi nikahisi imeshika kuta za mfereji. Badala ya kuirudisha nyuma nikabonyeza kwa dole gumba.

Alinishika mkono. Hakupiga kelele, alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sijawahi kushikwa, macho yametoka. Jino lilikuwa na ganzi, lakini maumivu yalikuwa kwenye shavu, chini ya jicho. Nikatoa sindano. Damu ikajaa kwenye jino, nyekundu, inachuruzika. Ndani ya dakika tatu shavu lilikuwa linapanda mbele ya macho yangu kama unga uliotiwa hamira. Jioni jicho lilikuwa limefunga. Kesho yake weusi ulikuwa umeteremka hadi kwenye taya.

Nilichofanya, na wenzangu yakiwakuta mkifanye bila kupoteza akili: nilisimama kuosha. Nilimwambia ukweli pale pale, kwamba dawa imepita nje ya mzizi, kwamba atavimba sana, kwamba nitakuwa naye hadi apone. Niliongeza ganzi. Niliiacha damu itoke, maana inatoka na dawa, nikasuuza taratibu kwa maji ya dripu. Nikampa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, aweke na kutoa siku nzima ile, kuanzia kesho yake kitambaa cha uvuguvugu. Dawa ya maumivu ya kutosha, na antibayotiki kwa kuwa nyama iliyokufa huvutia maambukizi. Nilimpa namba yangu, nikamwona kila siku wiki ya kwanza. Angeanza kupumua kwa shida au kushindwa kumeza ningempeleka hospitali kubwa dakika hiyo hiyo. Weusi uliisha baada ya wiki mbili na ushee. Ganzi kidogo kwenye mdomo wa juu ilibaki miezi kadhaa, ikaondoka. Jino nililimalizia baadaye, aliniruhusu mwenyewe, na sijui kama mimi ningekuwa yeye ningeruhusu.

Tangu siku ile nashika bomba hivi, na ndivyo ninavyofundisha. Sindano nyembamba, namba 27 au 30, tundu liwe pembeni, ncha iwe imezibwa. Kabla ya kuingia naweka alama ya mpira kwenye sindano, milimita 2 pungufu ya urefu wa mfereji. Sindano iwe ya kukazwa kwenye bomba kwa kuzungusha, si ya kuchomeka, kwa sababu ya kuchomeka ikichomoka dawa inaruka machoni. Mgonjwa avae miwani. Nabonyeza kwa kidole cha shahada, kwa kuwa dole gumba lina nguvu kuliko busara. Mililita moja inachukua kama sekunde 15, siharakishi. Na mkono hautulii hata mara moja, sindano inapanda na kushuka kidogo kidogo muda wote. Ikisita tu, yaani ikishika ukuta, nairudisha nyuma kabla sijabonyeza tena. Naangalia dawa inarudi juu. Kama haionekani kurudi, inaenda mahali pengine.

TabibuWilayani

Dokta nimesoma hilo mara mbili. Mungu akubariki kwa kulisema.

Kuna kitu sijaelewa. Kama sindano inakaa milimita 2 kabla ya mwisho, na dawa haisukumwi kwa nguvu, ncha itasafishwa na nini?

DoktaMagego

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Dawa inafika milimita moja hivi mbele ya tundu la sindano, haiendi mbali zaidi yenyewe. Na mwisho wa mfereji kunakuwa na kipovu cha hewa kimenasa, kwa sababu mfereji umefungwa upande wa pili. Dawa inakaa juu ya kipovu, wewe unadhani umejaza. Kwanza lazima upanue mfereji wa kutosha sindano ishuke. Sindano namba 30 ina unene wa milimita 0.3, kwa hiyo mfereji ulioishia faili ya 20, yenye ncha ya milimita 0.2, hauipokei. Halafu lazima uitikise dawa. Wenye mashine ya mawimbi ya sauti wanatikisa kwa sekunde 20, wanabadilisha dawa, mara tatu. Wewe huna mashine, chukua kijiti cha gata-pacha, ule utomvu mgumu wa kujazia mzizi, kinachoenea vizuri kwenye mfereji ulioujaza dawa, kishushe na kukipandisha milimita 2 au 3, haraka, kama mara 100 kwa dakika. Kipovu kinavunjika, dawa inashuka, uchafu unapanda. Haina gharama yoyote, kijiti ni kile kile ambacho ungekijazia. Kikichakaa tupa, tumia kipya kwenye kujaza.

TabibuWilayani

Wakuu narudi na mrejesho. Ile barua ilijibiwa, tumepata shuka za raba pakiti mbili na vibanio sita. Leo nimefanya la kwanza, kato la juu la kijana wa sekondari, lilipigwa na mpira mwaka jana likabadilika rangi. Raba imenitesa dakika kumi kuifunga, kijana akawa ananihurumia. Asilimia 1, bomba la mililita 3. Nilizoea kuosha mara tatu nne basi. Leo nimejaza bomba mara saba. Bomba la kwanza na la pili dawa ilirudi kama maji ya kuoshea mchele. Nikatikisa na kijiti kama ulivyosema, nikaona vipande vyeusi vinapanda ambavyo faili haikuvitoa, nilishaamini nimemaliza. La sita likarudi safi. La saba safi. Harufu mbaya ya jino imekwisha, hata msaidizi wangu kaniambia.

Nimeweka dawa ya kalsiamu, atarudi wiki ijayo nijaze.

Swali dogo la mwisho: chupa yetu ya dawa ni nyeupe inayopitisha mwanga, iko dirishani karibu na sinki. Kuna shida?

DoktaMagego

Umenifurahisha sana ndugu yangu. Hongera, na mpe hongera msaidizi wako pia, anayenyonya dawa ndiye anayelinda koo la mgonjwa.

Itoe dirishani leo leo. Mwanga na joto vinaila klorini, baada ya wiki chache una chupa ya maji ya chumvi inayonuka kidogo. Tafuta chupa ya rangi nzito isiyopitisha mwanga, kifuniko kibane, weka kabati la chini lisilopata jua, na uandike tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito. Bandika lebo kubwa. Wapo waliochanganya chupa hii na ya ganzi kwa sababu zote mbili ni maji meupe. Na usiijaze kwenye kopo lililowahi kuwa la ganzi, hata kama ni siku moja tu, hata kama umeliosha.

Kijana akirudi tuambie jino linasemaje.